Waliokwenda Kuokoa Wasirudi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya watu ambao kazi yao ni kukimbilia mahali ambapo wengine wote wanapakimbia. Hao ni wazima moto, na pamoja nao waokoaji wa kila namna: wazamao majini kuwatafuta waliozama, na waingiao mashimoni kuwatafuta waliofukiwa. Wengi wetu tumewaona mjini katika motokari yao nyekundu, wamevaa kofia ngumu, king'ora kinalia, na watoto wanakimbia nyuma yao kwa shangwe kama wafuatao ngoma. Ni wachache waliosimama kuhesabu walikwenda wangapi na wakarudi wangapi. Nami leo nataka kuzungumza habari za wale ambao hawakurudi.

Hapa Kahama habari ya kuokoana si ngeni. Kabla motokari ya kuzimia moto haijaonekana nchini, wazee wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na mwano. Mwano ni ukelele wa hatari. Mtu akivamiwa na simba, au akiibiwa ng'ombe, au nyumba yake ikishika moto, alipiga ukelele. Jirani akaupokea akaupeleka mbele, na wa tatu akaupokea kwa huyo, hata kwa muda mfupi nchi yote ikajua. Wanaume walitoka na silaha zao, na aliyesikia asitoke alikuwa na neno la kujibu mbele ya wenziwe, akatozwa. Sungusungu walipoanza katika wilaya za Kahama na Shinyanga miaka ya 1981 na 1982 ili kuwakomesha wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi, hawakuhitaji kubuni njia mpya ya kuitana: mwano ulikuwapo tayari. Katika desturi hiyo hapakuwa na mtu mmoja aliyeitwa mwokoaji. Wote walikuwa waokoaji.

Na kwa mambo ya siku zile desturi hiyo ilitosha. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi ikishika moto, haina muda. Kabla mtu hajamaliza kuchota maji ndoo mbili paa limekwisha anguka. Basi kazi ya majirani ilikuwa kuwatoa watoto na wagonjwa, kuwafungua mbuzi, kumwaga mchanga, na kung'oa nyasi za nyumba ya jirani ili moto usivuke. Kwa kazi hiyo watu wengi wenye mioyo ya ujasiri wanafaa kuliko mtu mmoja mwenye elimu.

Lakini nchi imebadilika chini ya miguu yetu, nami nasema hivyo kwa maana yenyewe hasa. Dhahabu ya upande wa Geita ilijulikana tangu zamani za Wadachi, na mgodi mkubwa ulifanya kazi huko tangu miaka ya 1930 hata 1966. Baadaye wachimbaji wadogo walienea kila mahali, wakichimba maduara yao kwa sururu na nyundo. Kisha ikaja migodi ya mitambo, Bulyanhulu mwaka wa 2001, na Buzwagi mwaka wa 2009, ambao ulifungwa 2021. Na pamoja na dhahabu kuna barabara. Mizigo iendayo Rwanda na Burundi hupita Isaka na Kahama usiku na mchana, na katika mizigo hiyo yamo magari yenye matangi ya petroli. Kwa hiyo mtu wa Kahama leo akisikia mwano, huenda anaitwa kwenye shimo lenye kina cha mita 100, au kwenye tangi la petroli lililopinduka kando ya njia. Ujasiri wake ni ule ule wa babu yake. Hatari siyo ile ile.

Nitaanza na jambo la Nyangalata, ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Kijiji hicho kimo katika nchi yetu hii ya Kahama, upande wa Msalala. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara moja la wachimbaji wadogo liliporomoka, na watu kadhaa wakafukiwa. Wengine waliokolewa mapema. Watu sita hawakuonekana. Habari zilizochapwa siku zile zilisema kwamba hao nao walikuwa wameshuka kuwasaidia wenzao walionaswa, kisha ardhi ikawafunga wao. Siku zilipita, wiki zikapita. Juu ya ardhi watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba, na tarehe 5 Novemba Rais mpya, Bwana John Magufuli, akaapishwa. Wale waliokuwa chini hawakujua lo lote la hayo.

Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Wachimbaji wenzao waliokuwa karibu walisikia sauti, wakachimba kuifuata. Watano hao waliishi kwa kula magome na mizizi ya miti, mende na vyura, na kwa kunywa maji yaliyotona mwambani. Wa sita alikwisha kufa gizani pamoja nao. Na katika wale watano mmoja alifariki baadaye hospitali, baada ya kuona tena jua.

Dunia nzima ilisikia habari hiyo, na kila mahali watu walistaajabu juu ya siku 41. Mimi nami nilistaajabu. Lakini kila niifikiripo, akili yangu haikai katika hesabu ya siku, bali hurudi katika dakika ile ya kwanza, kabla hapajawa na habari ya kuandika magazetini: mtu amesimama kinywani mwa duara, amesikia kwamba wenzake wamo chini, ameshika kamba. Hakuna aliyemlazimisha. Hana mshahara wa kazi hiyo, wala kofia, wala mtungi wa hewa. Akashuka.

Mwaka wa 2017 jambo kama hilo lilitokea Nyarugusu, katika mkoa wa Geita, lakini mwisho wake ulikuwa mwema. Tarehe 26 Januari watu 15 walinaswa mgodini, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Safari hii waokoaji walikuja na mitambo, wakapitisha bomba mpaka walipo, wakawapelekea chakula kwa njia hiyo, na wale waliokuwa chini wakaandika barua ikapandishwa juu. Tarehe 29 Januari wote 15 walitoka hai. Tena Agosti 2025, katika kijiji cha Nyandolwa, mkoa wa Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na kazi ya kuwatafuta ikaendelea kwa siku nyingi, wazima moto na wachimbaji wakichimba bega kwa bega. Walitolewa waliokuwa hai, na walitolewa maiti pia.

Sasa yafaa nieleze kwa nini mwokoaji hufa, maana wengi hudhani ni bahati mbaya tu, au husema amerogwa, au shimo lina mwenyewe. Siyo hivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, sehemu kama 21 ni ile hewa ya uhai iitwayo oksijeni. Katika shimo refu, au kisima kilichofunikwa siku nyingi, au choo, hewa hiyo hupungua. Miti inayooza huila, na hewa nyingine nzito, ya ukaa, hutuama chini kama maji yatuamavyo bondeni. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu 10, mtu huzirai bila kuhisi dalili ya kumwonya. Hakohoi, hapigi kelele. Huachia kamba tu, akaanguka. Aliye juu hudhani mwenzake ameteleza, naye hushuka upesi kumwinua, akavuta hewa ile ile, akaanguka juu yake. Kisha wa tatu. Wakati mwingine ni ndugu wa tumbo moja, au baba na wanawe.

Iko hewa nyingine mbaya zaidi. Injini ya kuvutia maji ikiwekwa ndani ya shimo, na baruti ikilipuliwa, hutoka hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Zamani wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege mdogo wa manjano katika tundu, kwa maana ndege huzirai kabla ya mtu. Shauri hilo lilitolewa na mtaalamu John Scott Haldane, baada ya kuchunguza maiti za waliokufa migodini na kuona kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko, bali na hewa iliyofuata. Hapa kwetu, huko Mererani kwenye tanzanite, mwezi wa Juni 2002 watu zaidi ya 35 walikufa shimoni kwa kukosa hewa njema, wala hapakuwa na jiwe lililowaangukia.

Mtu atauliza, je, taa? Ni kweli kwamba wazee wa migodi walishusha taa kwanza, ikizimika wakajua hewa ni haba. Lakini taa haiitambui ile sumu ya moshi wa injini, na penye mvuke wa petroli taa yenyewe ndiyo itakayoleta kifo. Mzima moto aliyefundishwa hashuki kabla ya kuvaa mtungi wa hewa mgongoni, wenye hewa ya kumtosha yapata nusu saa, na kufungwa kamba ambayo mwenziwe ameishika juu. Na kamba ikitikiswa kwa ishara waliyopatana, huvutwa. Anakwenda na saa yake imehesabiwa. Na hata hivyo wengine hawarudi, kwa sababu moto na mwamba havisomi hesabu zetu.

Sasa nitawachukua mbali kidogo, mpaka mji wa London. Katika mwaka wa 1861 mkuu wa wazima moto wa mji ule alikuwa James Braidwood, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh. Mwaka wa 1824, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, alipewa kukiongoza kikosi cha wazima moto cha mji wake, nacho chahesabiwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo katika Uingereza. Na mwaka wa 1833 akaitwa London. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wake kuingia ndani ya nyumba na kuutafuta moto ulipo, badala ya kusimama njiani na kumwagia moshi maji. Jambo hilo twaliona dogo, lakini ndilo lililoifanya kazi ya kuzima moto kuwa elimu, na ndilo pia lililomfanya mzima moto awe mtu wa kufa.

Siku ya 22 Juni mwaka ule moto uliwaka katika maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames. Ndani mlikuwa na pamba, katani, mafuta ya wanyama, chai na viungo. Ninyi mliokulia karibu na viwanda vya pamba vya mkoa wetu mwajua jinsi robota la pamba lishikavyo moto: juu waonekana umezimika, kumbe ndani unakula polepole. Kati ya ghala na ghala ilikuwapo milango ya chuma ya kuzuia moto, kama Braidwood mwenyewe alivyokuwa akiwausia watu kwa miaka mingi. Lakini siku hiyo milango iliachwa wazi. Alasiri alikuwa akiwapitia watu wake waliochoka, akiwagawia kinywaji cha kuwatia nguvu, ndipo ukuta ulipoanguka ukamfunika. Moto ule uliendelea kuwaka kwa muda wa wiki mbili. Siku ya kumzika, msafara wa watu ulikuwa na urefu wa maili moja na nusu, na kengele za makanisa ya mji zikalia.

Kilichofuata ndicho nipendacho mkikumbuke. Kikosi cha Braidwood hakikuwa cha Serikali. Kililipwa na makampuni ya bima, ambayo nia yao ya kwanza ilikuwa kuokoa mali waliyoikatia bima. Baada ya hasara ile makampuni yalisema mzigo umewashinda. Ndipo Baraza la Uingereza lilipotunga sheria mwaka wa 1865, na kuzima moto London kukawa kazi ya umma, ya kumwokoa tajiri na maskini kwa sheria moja. Heshima ya kengele ilipita siku ile ile, lakini sheria ilikaa.

Tena nchi ya Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, mgodi wa makaa ya mawe wa Courrières ulilipuka. Watu 1,099 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto. Waokoaji walikuja kutoka nchi ya Udachi pia, na vyombo vyao vya kuvutia hewa, ijapokuwa mataifa hayo mawili hayakuwa yakipendana. Miaka 8 baadaye yalipigana katika Vita Kuu. Baada ya siku 20, wakati hakuna aliyetumaini tena, watu 13 walitoka gizani kwa miguu yao wenyewe, na siku chache baadaye akatolewa mwingine mmoja. Wenyeji walikasirika sana, wakisema utafutaji uliachwa mapema mno. Nawaomba watu wa Nyangalata waifikirie habari hiyo kama ya ndugu zao.

Lakini iko habari ya upande wa pili, ambayo ni haki niiseme. Katika nchi ya Marekani, jimbo la Utah, tarehe 6 Agosti 2007, mgodi wa Crandall Canyon uliporomoka juu ya watu sita. Watu waliingia kuwatafuta. Tarehe 16 Agosti, mwamba ukiwa bado unatikisika, ukuta ulipasuka ukawaua waokoaji watatu na kuwajeruhi sita. Wakubwa wa kazi wakaamuru utafutaji wa chini usimamishwe. Wale sita wa kwanza hawakutolewa hata leo. Kaburi lao ni mgodi wenyewe. Je, walifanya vema kusimamisha? Mama wa aliyefukiwa atajibu hivi, na mama wa mwokoaji atajibu vile. Mimi nimewasikia wazee wakibishana juu ya jambo kama hili usiku kucha, na asubuhi ilipokucha hakuna aliyemshinda mwenziwe. Naona tu kwamba anayetoa amri ya kuacha anahitaji moyo mgumu sawa na wa anayeshuka, naye hapati kengele wala msafara.

Desturi ya dunia ya kuwakumbuka wazima moto siku moja kila mwaka ilizaliwa kwa msiba wa watu watano. Tarehe 2 Desemba 1998, karibu na Linton katika nchi ya Australia, msitu ulikuwa ukiwaka. Watu watano wa kikosi cha Geelong West, wote wa kujitolea wasio na mshahara, walikuwa katika motokari yao, upepo ukageuka ghafula, moto ukawazunguka, wakafa pamoja. Mwaka uliofuata ikachaguliwa tarehe 4 Mei iwe siku ya wazima moto wa dunia, kwa kuwa katika nchi nyingi za Ulaya siku hiyo tangu zamani ilikuwa ya Mtakatifu Florian, ambaye huhesabiwa mlinzi wao. Watu huvaa utepe wa rangi mbili: nyekundu kwa moto, buluu kwa maji. Na Jumapili ya kwanza ya Mei, saa sita za mchana, ving'ora hulia kwa nusu dakika, kisha hunyamazwa kwa dakika moja. Miaka miwili tu baada ya desturi hiyo kuanza, tarehe 11 Septemba 2001, mji wa New York ulipoteza wazima moto 343 katika asubuhi moja. Wengi wao walikuwa wakipanda ngazi, wakati watu wa ghorofani wakishuka.

Nchini mwetu kazi hii ilikaa kwa muda mrefu mikononi mwa halmashauri za miji, na kila mji ulikuwa na bomba lake au haukuwa nalo. Sheria ya mwaka wa 2007 ndiyo iliyolifanya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kuwa jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Liangalieni jina lake: halikuitwa la zimamoto tu, bali na la uokoaji. Hao ndio waitwao mtu akitumbukia kisimani, mtumbwi ukizama, ghorofa likianguka kama lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024, ambamo watu zaidi ya 80 walitolewa hai. Namba yao ya simu ni 114, wala haina malipo. Mwanafunzi na aiandike mlangoni kwa makaa.

Na jeshi hilo linajua kwamba halifiki kila mahali kwa wakati. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, aliusukuma mlango kwa kasia mpaka ukafunguka, akajeruhiwa katika kujaribu kuwafikia marubani. Katika watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Baadaye Serikali ilimwingiza kijana huyo katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Naona jambo hilo lilikuwa na busara zaidi ya kumpa fedha tu, kwa maana ujasiri alikuwa nao tayari. Alichokosa ni mafunzo ya kumrudisha nyumbani salama.

Sasa nirudi katika neno la ukumbusho. Yule askari wa shaba asimamaye katikati ya Dar es Salaam na bunduki yake amekuwapo tangu 1927, naye ni kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu vya 1914 hata 1918. Maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Lakini majina hayamo. Na wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi yale mabegani na kufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na homa, hata waliotoka huku bara, hao jina lililowabakia ni Kariakoo, ambalo watu hulitamka kila siku wakienda kununua vitunguu, bila kujua kwamba ni jina la kikosi cha wachukuzi. Tarehe 25 Julai kila mwaka nchi yetu huwakumbuka mashujaa wake, na mkuki na ngao huwekwa penye mnara. Ni vema. Lakini shujaa wa siku hiyo katika fikira za wengi ni mtu wa vita.

Mtu aliyekufa duarani akimwokoa mwenziwe yuko katika hatari nyingine ya kusahauliwa, nayo ni hii. Matangani mgeni akiuliza amekufaje, hujibiwa, "Alikufa shimoni." Na mgeni hutikisa kichwa, kama asemaye, haya ndiyo mambo ya dhahabu, tamaa haina mwisho. Kumbe marehemu hakushuka kwa ajili ya dhahabu. Alishuka kumtafuta mtu. Neno moja limeachwa katika jibu, na kwa kuachwa kwake wanawe watakua wakiamini kwamba baba yao aliuawa na tamaa.

Karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, kuna sanamu ya wazima moto watatu wakiwa kazini, iliyofunuliwa mwaka wa 1991. Kwanza iliwekwa kwa ajili ya wale waliokufa katika Vita vya pili, mji ulipokuwa ukipigwa mabomu usiku hata usiku. Majina zaidi ya 900 yameandikwa chini yake, na upande mmoja ni wa wanawake waliokufa katika kazi ile. Mwaka wa 2003 sanamu ikainuliwa, na majina ya waliokufa siku za amani yakaongezwa, maana waliona haifai aliyekufa kwa bomu aandikwe na aliyekufa kwa ukuta wa ghala aachwe.

Sisi hatuna shaba, na shaba si lazima. Kijiji chaweza kuwa na daftari. Yaandikwe mambo manne tu: jina la mtu na la wazazi wake, siku, mahali, na la nne, ambalo lisiachwe kamwe, alikwenda kumwokoa nani. Aliyeokoka akiwa hai na aje aseme mwenyewe, naye mwandishi aandike kwa maneno yake, hata kama si fasaha. Wazee wanaokumbuka visima na moto wa zamani waulizwe sasa, wakali nasi. Vikao vya kijiji vyaweza kulisoma daftari hilo kwa sauti mara moja kwa mwaka, tarehe 4 Mei au 25 Julai, wenyeji watakavyoona. Daftari huliwa na mchwa, kwa hiyo lisiachwe juu ya udongo wala katika nyumba ya mtu mmoja. Shule yo yote yenye kabati la kufungwa kwa ufunguo yaweza kulitunza, pamoja na kitabu cha mahudhurio ya watoto.